Neno Lililokatika Mkia

Murtaza, rangi yake iwache.
Wembamba wake pia uwache, siendi kukatia keki.
Hiyo unayoinyanyua kwa kidole kimoja,
nyepesi kama sinia la halua lililokwisha liwa,
nilikuwa na dada yake.
Ngoja nikupe habari za dada yake.

Mfungo tatu, ukumbi wa Guraya,
wanawake mia tatu, moshi wa udi hauna pa kutokea,
feni za dari zaligeuza joto
upande huu na huu, kama chapati.
Kamera ya kwanza kwa bi harusi, miguuni penye piko.
Ya pili juu ya ngazi, kwa vigelegele.
Ya tatu haikuwa pale:
ndugu yangu Feruzi aliishika msikitini Kibokoni
akinirushia picha,
nami nyuma ya pazia nazishona zote tatu
ziwe nguo moja, ifike Maskati
kwa Bi Ruzuna, nyanyake bwana harusi,
ambaye magoti yake hayapandi ndege tena.

Dakika arubaini ilivumilia.
Kisha nikaisikia yahema.
Nikatia kiganja chini yake: pasi ya makaa.
Nikapunguza ukubwa wa picha. Nikafunga kila kilichofungika.
Nikaipepea kwa kadi ya mwaliko,
wallahi, kwa kadi ya mwaliko,
kama mchoma mishikaki.

Kadhi akauliza.
Bwana harusi akafungua kinywa.
"Nimeku—"

Basi.
Kinywa wazi, kofia imelala upande,
nyuma yake mtoto kaganda akichokoa pua.
Na kule Maskati
mwanamke wa miaka themanini na mmoja
alikuwa keshainua viganja kungoja dua.
Wakamwambia ni mtandao. Akasema mtandao hauozeshi.
Dakika kumi na mbili, Murtaza,
mikono juu,
kwa neno lililokatika mkia.
Hata leo akinipigia huuliza:
nimeku-nini? Nimekubali? Nimekuchoka?
Nimekuja kukopa?

Kwa hiyo usinisomee kibandiko.
Kumbukumbu gigabaiti thelathini na mbili, hilo nalijua.
Kadi ya picha iwe na kwake,
isiwe ya kugonga kwa prosesa kila jioni kuomba chumvi.
Nionyeshe matundu ya kupumulia.
Nionyeshe pa kuchomeka waya,
kamera zangu haziingii kwa zamu kama wagonjwa.
Na stima ikipotea, betri itamngoja Chivatsi
aende akawashe jenereta,
Chivatsi ambaye kwanza hutafuta viatu?

Ile ya rafu ya chini. Nyuma ya printa.
Ndiyo, hiyo nene, iliyochubuka pembe,
herufi ya M imefutika,
chaja yake yaweza kuzuia mlango usifunge.
Washa.

Nikatoa kamera zangu kikapuni.
Moja ikatazama Barabara ya Digo na muuza soksi.
Moja nikaielekeza juu, kwenye feni.
Moja usoni pa Murtaza,
naye akapangusa paji, akafunga kifungo cha shati.
Nikaipeperusha mubashara, nikaagiza kahawa.
Saa nzima na robo.
Muuza soksi akauza pea nne, akafukuzwa na askari, akarudi,
na hakuna mguu wake hata mmoja uliokwama.
Mashine ikavuma
kama cherehani ya fundi asiyedaiwa.
Kiganja chini: joto la kikombe tu.

"Tisini," akasema Murtaza.
"Haina M. Sitini."
"Themanini, na hapo nala hasara."
Nikamwaga pesa za chama juu ya kaunta,
elfu sabini na nne,
nikakung'uta mkoba, zikatoka pini za mtandio na pipi ya tangawizi.
Akaziangalia. Akaiangalia kamera.
"Nimekubali."

Neno zima, na -bali yake.

Simu ikalia. Maskati.
"Nimemsikia," akasema Bi Ruzuna, sauti yamtetemeka,
"nimemsikia mpaka mwisho, alhamdulillahi.
Lakini mwanangu,
miezi mitatu tu ya ndoa,
mbona mmemzeesha hivyo?"