Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu ni la bati, limepakwa rangi ya kijani
iliyobaki fundi alipomaliza choo cha kulipia.
Lina kufuli tatu. Funguo tatu, shingo tatu:
wa kwanza kwa Nafula, wa pili kwangu,
wa tatu kwa Ndunge,
ambaye wiki ya pili sasa haonekani.

Jumamosi, saa nane, chumba cha nyuma ya kliniki, Viwandani.
Kiwanda cha sabuni kinatuletea harufu yake bure;
sabuni yenyewe tunanunua.
Dada Rispa anafundisha hesabu ya faida:
maandazi hamsini, unga, mafuta, makaa.
"Na mikono yako," anauliza, "umeiweka wapi?"
Hakuna aliyeiandika.
Tunafuta, tunaanza upya.

Kisha zamu ya sanduku.
Adoyo anaomba mkopo wa mia sita:
kuna cherehani ya kukodi, na sare tatu za shule
zilizokatwa tayari, zinamngoja chini ya godoro.
Kufuli ya Nafula imefunguka. Yangu imefunguka.
Ya tatu imenuna.

"Tuivunje," mmoja akasema. "Nyundo iko kwa jirani."

Tukatazama ukutani, ile sheria tuliyoiandika wenyewe
kwa kalamu nyekundu, nyuma ya kalenda ya zamani:
Sanduku halivunjwi.
Na chini yake, kwa sababu nafasi ilibaki:
Mtu hasahauliwi.

Basi tukalibeba.
Wasichana kumi na wanane, na mtoto mmoja mgongoni,
tukavuka mtaro juu ya ubao, mmoja mmoja,
mpaka wanaume wa karata wakaacha mchezo
wakauliza nani amekufa.
"Hakuna msiba," Nafula akawajibu. "Benki inahama."

Ndunge tulimkuta bombani.
Mitungi minane, mmoja wa kwao, saba ya watu,
shilingi kumi kila mtungi, hadi mlangoni.
Mama aliambiwa Alhamisi asirudi kiwandani.
Hakulia. Hata hakututazama.
Alivuta uzi shingoni, ufunguo ukatoka umelowa jasho.
"Nilidhani mmeshampa mtu mwingine kazi yangu."

Kufuli ikalia kidogo, kama mtu anayemeza mate.
Tukahesabu juu ya mtungi uliopinduliwa:
elfu mbili, mia nne na thelathini.
Adoyo akapokea mia sita zake, akazikunja mara tatu,
akainama kwenye daftari la Ndunge:
mitungi saba, mara kumi, safari nne kwa siku.
"Na mgongo wako," akamuuliza, "umeuweka wapi?"

Foleni ikasogea.
Kila mmoja wetu akashika mtungi.

Tumekubaliana Jumamosi ijayo tukutane papo hapo.
Viti hakuna, tutakalia mitungi.
Nafula anasema huku harufu ya sabuni haifiki.
Ni uongo,
lakini tumeupitisha kwa kura.