Saa Nne Usiku, Dundee

Saa nne ya usiku, na usiku wenyewe haujafika.
Ipyana amekaa kitandani, kanuna:
ni mchana bado, kwa nini nimlaze?
Tusekile anapangusa mchanga wa Broughty Ferry
katikati ya vidole vya miguu, taratibu,
makusudi.

Leo Moira alibisha mlango wa nyuma
na mabua mekundu ya bustani yake,
machachu kama ndimu; huku huyapika kwa sukari.
Hakuuliza habari za baba watoto.
Alivua viatu, akashika kisu, tukakatakata.
Kanisani haendi tangu amzike mwanawe,
lakini nilipofumba macho kabla ya kula
alitulia, kijiko hewani,
ikamtoka "Amina" kabla yangu.

Bwana, leo sina sala ndefu.
Sufuria imeungua, nguo ziko kambani,
na mvua ya hapa haipigi hodi.
Nilitaka kukuomba subira,
nikajikuta nanusa nywele za mtoto:
chumvi, jasho, mafuta ya kukinga jua.

Basi pokea harufu hiyo.
Ipyana kasinzia katikati ya ubishi,
mdomo wazi,
mwanga wote ukimwingia.