Mnoaji wa Lieksa

Mashine yangu iko nyuma ya vyoo vya wageni,
ubavuni mwa ukumbi wa barafu.
Sirkka, huniambia, mbona hutazami mechi hata moja?
Mechi nazisikia kupitia ukuta,
kesho yake nazisoma kwenye vyuma.

Tuure Kiiskilä aliletwa na babake, dereva wa lori la magogo,
ana miaka sita, na viatu vya binamu yake wa kike:
vyeupe, vilivyofichwa chini ya kiwi nyeusi.
Kiwi ikachujuka juu ya barafu mchana kutwa.
Popote alipoanguka palijulikana.

Nikamnolea. Yuro nne, zote sarafu.

Miaka kumi nilijua saizi ya mguu wake kabla ya mamake.
Nilijua na woga wake:
kila mara aligeukia kushoto,
ukingo wa upande mmoja ukiisha, wa pili mzima kama wa dukani.
Nikamwambia. Akaninunia wiki nzima.
Wiki ya pili nikaona kwenye chuma mikwaruzo mipya,
michache, ya mtu anayejaribu kulia
wakati hakuna anayemwona.

Kinachopata hupata kwa kupungua.
Hilo halikuandikwa kwenye mkataba wake wa Vaasa,
alioutia saini akiwa na kumi na saba,
kalamu ikitetemeka, meno mawili ya mbele yameshakwenda.

Mwaka uliofuata timu ya ng'ambo ikamwita,
raundi ya sita, wa mia na themanini na moja.
Ilikuwa Juni, saa nne na nusu usiku,
jua bado liko juu ya ziwa Pielinen.
Babake alisimamisha lori barabarani na mzigo wake wote
akapiga honi mpaka mbwa wa pande zote wakamjibu.

Kisha ligi ya chini, ya mabasi.
Mji mmoja, mji mwingine, yote yana majina ya miji ya kwingine.
Misimu miwili, mechi sabini na moja, magoli tisa.
Aliniandikia mara moja tu:
*Huku wananoa kwa kina mno, Sirkka.
Nang'ang'ania barafu kama mwiba. Siwezi kuteleza.*

Halafu bega la mtu wa kilo mia na tano.
Wiki sita chumbani, mapazia yamefungwa,
haruhusiwi kusoma, haruhusiwi simu yenye mwanga.
Mamake, Marjukka, alimpigia kila jioni,
naye akailaza simu mtoni kifudifudi
akasikiliza bei za vitu dukani kwetu, polepole:
viazi, maziwa, samaki wa kuokwa, viazi tena.

Akarudi, ishirini na mbili, kwa mkopo, daraja la pili.
Mstari wa nne. Dakika saba kwa mechi, siku nzuri nane.
Gazeti likaandika: *Kiiskilä amenoa.*
Nilicheka peke yangu na chai yangu.
Anayenoa ni mimi.

Jumanne moja ya Februari akaingia, viatu ndani ya mfuko wa plastiki.
Nikapima chuma: kimebaki chembamba kama ukucha.
"Badilisha," nikasema.
"Noa mara moja tu."
Nikakigeuza chini ya taa. Kingo mbili,
kushoto na kulia, zimelika sawasawa,
sijapata kuona mguu uliolika sawasawa hivyo.
Sikumwambia. Angeninunia.

Cheche, harufu ya chuma cha moto, kitambaa cha mafuta.
"Ngapi?"
"Saba."
"Zilikuwa nne."
"Na wewe ulikuwa na kiwi."

Ukumbi ulikuwa mtupu, taa nusu zimezimwa.
Nikazima mashine nisikilize ukuta.
Kushoto. Kulia. Kushoto.
Kisha kimya, kirefu kidogo,
labda anageuka,
labda ameinama kukaza kamba.