Sukari Haikati Tiketi

Temeke, saa moja na robo asubuhi.
Sijala tangu jana usiku.
Sista Atuganile anakoroga unga mweupe glasini,
kijiko kinagonga ting, ting, kama chai ya msibani.
"Kunywa yote. Ukitapika tunaanza upya kesho."

Nimekunywa.
Utamu ukizidi una meno.

Kwenye benchi tuko sita, pamba kwenye mkunjo wa mkono,
tunanuka spiriti na njaa.
Jirani ananiuliza, wa ngapi huyo?
Wa pili.
Wa kwanza alizaliwa kilo nne na gramu mia tisa.
"Mashallah!"

Ndivyo walivyosema wote.
Mizani ilipotaja, mama mkwe alipiga kigelegele,
wodi ikaitikia,
nami, niliyeshonwa kama gunia la mkaa, nikacheka.
Hakuna aliyetaja bega lililokwama,
wala mtoto alivyotoka wa buluu, akitetemeka,
sukari imemshuka ghafla, akalishwa kwa mrija.

Shukuru sasa ana miaka sita.
Siku ya kuandikishwa shule mwalimu alisema,
pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio.
Akatumia wa kulia.
Wa kushoto haufiki.

Saa ya kwanza, damu.

Sista anaeleza huku anaandika,
kalamu imefungwa kamba kwenye meza:
Kondo ya nyuma ni kama pantoni ya Kigamboni.
Sukari yako haikati tiketi, inavuka tu.
Insulini yako inabaki Magogoni, inatazama maji.
Mtoto ng'ambo anapokea abiria wote,
ananenepa asipopenda.

Saa ya pili, damu.

"Sikujua Kondo!"
Jina la bibi, jina la baba.
Benchi zima linacheka, nami nacheka.
Kweli, sikuijua.

Tisa nukta mbili.
Hakunigombeza. Alizungushia kwa wino mwekundu,
akasema wiki ya ishirini na sita, bado tuna nafasi,
akauliza nyumbani nani anapika.

Nimerudi. Shukuru ananiletea chai ya rangi,
kikombe mkono wa kulia,
kopo la sukari kalibana kwapani kushoto.
Mkono ule kubana unajua.
"Vijiko vingapi, mama?"

Leo tuonje hivihivi, nasema.
Anakunja uso
kabla hajaonja.