Kwa Bweno, Majengo

Jina lilitoka kwenye kalenda ya shirika la ndege,
mwezi wa Agosti: mtaa wenye viti nje
na mhudumu mwenye tai, glasi tatu
kwa mkono mmoja. Chini pameandikwa mji.
Baba aliukata ukurasa kwa wembe,
akampelekea Shafii, mchora vibao wa Pasua,
na Shafii, anayeandika kila neno alivyolisikia,
akaandika: BWENOZAIRE BAA NA JIKO.

Tangu hapo baba yangu, Elingaya Temu,
hana jina tena. Hata kanisani,
mzee wa zamu akisoma michango:
"Mzee Bweno, shilingi elfu kumi."
Bili ya maji huja kwa Bweno.
Mama peke yake humwita Elingaya,
na hiyo ni siku akikasirika.

Ukutani Shafii aliuchora mji wote:
viti, tai, mume na mke wakicheza wamebanana
kama wanaogombea mlango mmoja,
nyuma yao bahari, buluu ya sketi za shule,
na nyuma ya bahari, kwa kuwa mkono umezoea,
Kibo. Theluji na yote.

Hakuna aliyeuliza. Watu walikuja kula mtori,
ndizi nyama, kisusio cha Jumamosi,
wakiupa ukuta mgongo, wakitazama mpira.

Mpaka Februari ile, Kilawe, mpagazi,
alipotuletea mzungu aliyeshuka mlimani
magoti yamekufa, midomo imepasuka kwa baridi,
anataka nyama. Si supu ya hemani. Nyama.
Akakaa. Akainua macho.
Akacheka mpaka akashika meza.
Kumbe kwao ni huko.

Baba alifuta mikono mara mbili.
Alisimama kama mwanafunzi aliyeandika insha
juu ya mji asioujua, na leo mji
umekuja wenyewe kusahihisha.

"Milima hatuna," alisema mgeni
(Kilawe akatafsiri, akiongeza chumvi palipopungua).
"Tambarare tu. Na ile si bahari, ni mto,
mpana hata ng'ambo huioni,
na rangi yake ni chai ya maziwa."
"Chai?"
"Ya maziwa."
"Na mnakula nini?"
"Ng'ombe. Taratibu. Jumapili
kila nyumba inachoma, mji mzima ni moshi."
Kilawe hajamaliza, baba kashadaka neno:
"Basi nanyi mnakaa Moshi!"
Tukacheka sisi. Mgeni akacheka nyuma yetu,
kwa adabu.

Mama akaleta mbege ndani ya kata.
Mgeni aliipokea kwa mikono miwili, akanywa,
akampa Kilawe bila kufuta ukingo,
kama mtu aliyezaliwa Kibosho.
Akasema kwao kuna majani machungu,
kibuyu kimoja, mrija mmoja, kinazunguka;
ukisema asante, maana yake umetosheka,
hakikurudii tena.
Ndiyo sababu, nadhani, usiku ule
hakusema asante hata mara moja,
nasi tukamjazia, tukamjazia,
mpaka Kilawe akambeba kwa mara ya pili
juma lile.

Asubuhi Shafii akaitwa na kopo la kahawia.
Bahari ikafa kabla ya saa nne.
Wateja wakaingia wakiinua miguu:
"Bweno, Mto Rau umevunja kingo?"
"Bweno, hilo tope litafika hadi kwenye sufuria?"
Baba hakujibu. Alikuwa ameegemea kaunta
na ukurasa wa Agosti mkononi, analinganisha.

Kisha Shafii akapandisha brashi, aufute mlima.
"Huo uache," baba akasema.
"Si kasema hawana?"
"Ndiyo maana. Wapewe."

Rangi ya ule mto ilibaki nusu kopo.
Mama kaimalizia kwenye mlango wa choo.