Kwa Muda

Barua ilikuwa na mistari minne na muhuri wa zambarau
uliogongwa upandeupande, kama wa mtu anayewahi chakula.
"Kwa mahitaji ya kazi," ilisema. "Kwa muda."
Jina langu lilikosa herufi: Nsimire bila r.
Nikamwambia Bwana Direkta, labda mnamtaka mwingine.
Akacheka. Akatia saini tena, juu ya kosa.

Siku tisini. Nilizihesabu kwa vidole vya Ansima,
vidole vyote, mara tisa;
akalala kabla hatujafika arobaini.
Murhula hakusema neno.
Alipiga pasi makoti yangu mawili ya maabara
kwa pasi ya makaa, mbele, nyuma,
kisha mbele tena, kana kwamba Goma ni harusi.

Bato liliondoka Bukavu usiku.
Asubuhi nikapokewa na mawe:
meusi, makali, yanatafuna soli za viatu.
Hapa mtu akisema "chini"
anataja kitu kilichowahi kutiririka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe langu ni chupa kumi na mbili za kioo.
Kila alfajiri nateka maji pale bomba linapoyafyonza ziwani,
na mengine kwenye tangi, baada ya dawa.
Natia kidonge, natikisa, nangoja.
Ya tangi yakigeuka waridi, mji unaweza kunywa.
Yakibaki bila rangi napiga simu,
na mtu fulani anatukanwa.

Chumba nilipanga kwa Mama Kavugho, Majengo.
Sanduku sikulifungua lote. Nguo nilizivutia pembeni,
kama ninayeiba vyangu mwenyewe.
Sikununua kikombe; nilinywea kifuniko cha chupa ya chai.
Watoto wa uani sikuwauliza majina.
Nilisema kwa muda, kwa muda,
mpaka neno likaniishia chumvi mdomoni.

Mzee Kabuyaya wa pampu naye aliletwa kwa muda,
kutoka Butembo, nywele zikiwa nyeusi.
Sasa ana wajukuu watatu hapa,
na kwenye orodha ya mishahara bado ameandikwa "yupo safarini".
Alinieleza hayo huku akipaka grisi,
bila kinyongo,
kama anayetaja saa.

Siku ya hamsini na nane, Ansima kwenye simu:
Mama, ukinawa huko, maji yanakuja huku?
Nilitaka kucheka. Nikaenda kuitazama ramani ya ofisini.
Kumbe ziwa letu mlango wake uko kusini,
linamwagikia Ruzizi, chini ya daraja, jirani na kwetu.
Kila tone linaloniponyoka chupani
linaelekea nyumbani,
halina barua, halina muhuri,
na kwa mwendo wake pengine litafika Ansima akiwa bibi.
Nikamjibu: Ndiyo, yanakuja.
Usiyangoje umesimama.

Siku ya themanini na nne, bahasha nyingine.
Zambarau ileile.
Safari hii jina limeandikwa sawasawa,
r imekaa mahali pake,
na hapo hapo nikajua.
"Inaongezwa. Siku tisini. Kwa muda."

Sikulia. Nilikwenda soko la Virunga
nikabishana bei ya ufagio kwa nusu saa,
zaidi ya ufagio ulivyostahili,
nikaongeza kikombe cha bati chenye ua jekundu.
Niliporudi nikalifungua sanduku mpaka chini.
Koti la pili lilikuwa bado halijavaliwa,
mstari wa pasi ya Murhula umenyooka kwenye mkono
kama barabara ambayo hakuna aliyeipita.
Nikalitundika kwenye msumari.

Mlangoni mtoto mmoja alikuwa anachungulia,
yule wa kandambili zisizofanana.
Unaitwa nani? nikamuuliza.
Akanitazama, akautazama ufagio.
Kwanza wewe, akasema. Unaondoka lini?