Mililita Kumi kwa Saa

Kitanda cha tatu, Bombo, saa nane na robo usiku.
Mashine inampumulia Hatibu Shemboko;
kifua kinapanda kwa amri, kinashuka kwa amri,
nami naweka kipimo chini kidogo ya kitovu chake,
nasikiliza kama mpangaji anayetega sikio chumba cha pili.
Kimya.
Siku ya tatu hii, kimya.

Miaka kumi na tisa alikaa getini
kwenye maghala ya mkonge, njia ya Pongwe.
Mkewe ndiye kanieleza, pale kwenye benchi la nje,
chupa ya uji kaikumbatia kama mtoto mwenye homa:
"Lori la nani, alilijua kwa mlio tu.
Huyu pita. Huyu ngoja. Wewe rudi ulikotoka.
Hakuibiwa hata uzi."
Kisha akanikazia macho:
"Sasa nyie mbona mnamshindisha na njaa?"

Ningemwambia nini Bi Mwanahija?
Kwamba ndani ya mumewe kuna geti jingine,
refu kuliko ua wa maghala yote,
limekunjwa na kukunjwa tena hadi likaenea tumboni,
na ukuta wake ni safu moja tu ya seli,
moja,
zimegusana mabega kama watu kwenye swala.
Zibeni mianya, imamu husema, shetani asipite.
Nazo huziba.
Maji hupita, sukari hupita,
na wale vijidudu, wapangaji wa tangu utotoni,
wasio na ubaya wakikaa kwao,
huambiwa: ninyi bakini huko huko.

Ila presha ikianguka
damu huwahi kwa wakubwa, kwa moyo, kwa ubongo,
tumbo likaambiwa lisubiri.
Bega likaachana na bega.

Jeraha lilikuwa la mguuni tu,
msumari wa ubao ghalani, akaufunga kitambaa, akarudi zamu.
Hiyo homa ya kwanza tunaijua.
Ya pili tuliitafuta mapafuni, kwenye mkojo,
kwenye mrija wa shingoni,
hadi Dokta Mntambo akachora alama ya kuuliza,
akaipitishia kalamu mara ya pili.

Mlinzi asiyelishwa hulala zamu.
Hatibu alilijua hilo, hakwenda kazini bila hotpoti ya mihogo.
Na seli zile zina tabia yake:
dripu ya mshipani haizitoshi,
zataka kuona sahani ikipita mbele yao.

Jana asubuhi tulibishana.
"Presha bado," Dokta kasema, "tungoje."
Nikamwonyesha chati: dawa ya presha tumeipunguza mara mbili.
Akakubali shingo upande. Mililita kumi kwa saa,
kwa mrija wa puani.
Vijiko viwili vya chai, kwa saa nzima!
Si shibe hiyo. Ni kumpungia mkono mlinzi,
kumwambia hatujakusahau.
Uji wa Bi Mwanahija niliukataa, ulezi ungeziba mrija.
Hakunijibu. Akakaza kifuniko.

Saa kumi na dakika arobaini.
Naweka kipimo palepale.
Kwa mbali, chumba cha pili,
mtu anasogeza kiti.
Nashika pumzi.
Anasogeza tena.

Mlio ambao mbele ya wakwe
tungekohoa kuuficha.
Naandika: sauti za tumbo zipo, hafifu.
Homa, thelathini na nane na nusu.
Presha, ya kuazima.
Sijui kama ataamka. Naandika ninachokijua.

Nje, benchini, Bi Mwanahija hajalala,
kanga kajitanda hadi kidevuni.
"Kaongea?"
"Bado. Tumbo limenguruma."

Akanitazama kama niliyerukwa na akili.
Akaifungua ile chupa, akamimina,
uji umeshapoa, umeshika utando juu,
akanisogezea kikombe.
"Haya, kunywa. Nawe si uko zamu?"